Ukuta wa Upande wa Mvua

Ijumaa ile tulikuwa watu saba nyuma ya nyumba ya mama. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba, mwenye miaka kumi na saba. Alikuwepo dada yangu anayenifuata, miaka kumi na miwili, na mdogo wetu wa kiume, miaka tisa, na kitinda mimba, msichana wa miaka minne aliyekuwa akikohoa tangu wiki ya mvua ya mawe. Hao walikuwa wangu wa kulisha. Alikuwepo nyanya wa boma la juu, ambaye hakumzaa baba wala mama, lakini kwa hesabu ya ukoo nilikuwa mjukuu wake, na kwetu nyanya na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana mpaka wanaosikia waone haya wao. Alikuwepo mama wa mapacha kutoka ng'ambo ya kijito, Mkatoliki, mwenye mikono minene kama ya mwashi. Na alikuwepo bibi harusi wa jirani, aliyeletwa miezi miwili kabla, ambaye bado alizungumza kwa kunong'ona na kuchekea ndani ya leso. Ukimwongeza ng'ombe wetu tulikuwa wanane, na ni haki kumwongeza, kwa sababu samadi yote ilikuwa yake.

Nimewataja wote kwanza kwa sababu wale wanawake watatu niliwakopa siku ile, na kwetu mtu akikupa siku yake ya kazi, umebaki na deni la siku ya kazi. Huwezi kulilipa kwa asante.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano, mama nikiwa darasa la sita. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mwalimu wangu alikuja nyumbani mara mbili kunirudisha shuleni, na mara zote mbili nilijificha kwenye migomba. Mara ya tatu nilitoka nikamwamkia, nikamuuliza, "Mwalimu, nikija shule, nani atakamua ng'ombe?" Alitazama watoto watatu waliokuwa wamejipanga nyuma yangu kama paredi, akanipa mkono, akaenda zake. Sikumwona tena akipanda kilima chetu.

Nyumba ilikuwa ya udongo, ya pembe nne. Baba alikuwa ameondoa nyasi za paa akaweka mabati, miongoni mwa mabati ya kwanza upande wetu wa Nyakoe, na alijivunia sana. Lakini nyasi za zamani zilikuwa na ukingo mrefu ulioteremka na kukinga ukuta, na mabati yale yalikuwa mafupi kama ukingo wa kofia ya polisi. Mvua yetu huja mchana kutoka upande mmoja, na upande huo ndio ulikuwa wa ukuta wa nyuma. Mama alipokuwa hai hatukuliona kosa hilo, kwa kuwa alikuwa akifuata kila mvua kwa kiganja cha udongo.

Ukuta huo mama alikuwa ameupamba. Kutoka chini hadi usawa wa kiuno aliupaka unga mweupe wa lile jiwe laini wanalochonga watu wa Tabaka. Mjomba alikuwa akimletea unga huo kwenye kikapu, naye aliukoroga na maji akaupaka kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki. Ukikaribia uliona mistari ya vidole vyake. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda, na katika kila nusu duara kulikuwa na mstari mmoja uliokwenda pembeni peke yake. Mimi sikuwa na picha ya mama. Ule mstari ndio ulikuwa picha yangu.

Halafu ikaja mvua ya mawe. Ilipiga kwa muda wa kuchemsha chai tu, lakini ilipokwisha ukuta wa nyuma ulikuwa umevuliwa nguo. Udongo ulikuwa chini, fito zilionekana kama mbavu, na kamba za mgomba zilizofunga fito zilikuwa zimeoza. Kile cheupe cha mama kilibaki vipande vipande. Upepo uliingia jikoni tukaanza kulala tumesogeleana, na kitinda mimba akaanza kukohoa.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuja kutoka Sironga Jumapili iliyofuata. Hakupita mlangoni. Mimi nilikuwa ndani nikipuliza moto, na ghafla niliona mkono wenye koti ukiingia kupitia ukutani, mkono mzima mpaka kiwiko. Ulipapasa kwenye rafu, ukakuta kiazi kwenye sahani, ukatoka nacho.

"Kitamu," sauti ya baba mdogo ilisema huko nje. "Na fisi akija ataona hivyo hivyo."

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Hata mimi nilitaka kucheka, lakini aliingia kwa mlango akiwa na uso mwingine. Alimsikiliza kitinda mimba akikohoa. Alikula kiazi chote kabla ya kusema.

"Sikulaumu," alisema. "Umejitahidi kuliko watu wazima. Lakini nyumba ambayo natoa chakula nikiwa nje si nyumba, ni kikapu. Nitarudi si Jumapili ijayo, ile nyingine. Nitapitisha mkono huu huu kwenye ukuta ule ule. Ukipita, watoto nawagawa. Mvulana nitakaa naye Sironga. Huyu msichana mkubwa aende kwa mama yake mdogo, Nyamache. Na huyu mdogo shangazi yenu atamchukua."

"Na mimi?"

"Wewe ni mwanamume. Utapata kazi kwenye majani chai."

Alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Mtu mkali unaweza kumkasirikia. Usiku kitinda mimba aliniuliza Nyamache ni mbali kama wapi, nikamwambia ni mbali kiasi kwamba hatutakwenda.

Sasa, kukandika ukuta kwetu ni kazi ya wanawake. Mwanamume husimika nguzo, hufunga fito, huezeka, kisha huosha mikono na kuketi. Udongo ni wa wanawake. Na wanawake huitwa na mwanamke: mama wa nyumba huwaita wenzake, huja wengi, hufanya kazi, hula, na kila mmoja siku yake ikifika naye huitikiwa hivyo hivyo. Huo mkusanyiko tunauita risaga. Katika nyumba yetu hapakuwa na mwanamke wa kuita. Dada alikuwa mtoto, na mimi nilikuwa nimekwisha kupita jandoni. Niliona aibu kwenda bomani kwa watu kuomba wake zao waje kushika udongo wangu. Nikaamua kuufanya mwenyewe. Ukuta ulitazama migomba. Nani angeniona?

Shuleni mwalimu alikuwa ametunakilisha methali kwa mwandiko wa kuunganisha: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwandiko wangu ulisifiwa na ukaonyeshwa darasa zima. Hakuna aliyetuambia ufa unazibwaje.

Nilikata fito mpya nikazifunga kwa kamba za mgomba, na kazi hiyo niliiweza. Mdogo wangu na mimi tulichimba udongo mwekundu, tukaukanyaga na maji, tukaanza kuutupa ukutani. Nilipofika kwenye vile vipande vyeupe vya mama nilisita. Sikutaka kuviharibu. Nikafikiri: nitaupaka udongo juu yake taratibu, ule mweupe utabaki ndani salama, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Wazo hilo lilinifurahisha sana. Nilipapasa kila kipande kabla ya kukifunika. Ilituchukua siku saba, na Alhamisi jioni ukuta ulikuwa umesimama mwekundu, mnene, laini. Tuliutazama sote wanne tukiwa tumeshikana mikono. Dada alisema unang'aa kuliko wa mwalimu mkuu.

Ijumaa asubuhi ng'ombe alikuja kujikuna.

Alifanya kama afanyavyo siku zote: alisimama sambamba na ukuta, akaegemeza ubavu, akasugua mara moja. Ukuta wangu ulishuka wote kwa pamoja, polepole, kama shuka linaloteleza kutoka kitandani. Ng'ombe aliruka pembeni akiwa na udongo mgongoni na mwingine kati ya pembe. Na pale nyuma, magamba ya mama yalionekana meupe na makavu, bila doa, kana kwamba hayakuwahi kuguswa.

Nyanya wa boma la juu alikuwa akipita kwenda chemchemi na debe lake. Nilimsikia kabla ya kumwona, kwa sababu alikuwa akicheka.

"Bwakire, mume wangu!" alinisalimia. Nyanya kwetu humwita mjukuu mume. "Naona umeoa ng'ombe. Na umempaka na mafuta ya harusi!"

Nilikuwa nikiogopa kwamba nikifungua mdomo nitalia, na nilikuwa mwanamume.

Alitua debe. Alikuja akachokoa udongo kwa kidole cha mguu. "Nani alikandika hapa?"

"Mimi."

"Nilidhani ni konokono." Kisha alinitazama usoni, akaacha mzaha kidogo. "Baba yako mdogo anakuja lini?"

"Kesho kutwa." Kumbe kilima chote kilijua.

"Na hukuniita kwa nini?"

"Nyanya, mwanamume ataitaje wanawake kuja kukandika?"

"Kwa mdomo. Kwa mdomo huo huo unaolia ugali." Alitazama jua. Lilikuwa bado chini, juu kidogo ya migomba. "Sikiliza. Leo Ijumaa. Jua likizama, Sabato imeingia, mikono yangu si yangu mpaka kesho jua lizame. Jumapili asubuhi mama mapacha yuko misani. Kwa hiyo kilima hiki kina siku moja tu, na siku yenyewe imeshaanza kutumika."

Alikwenda ukingoni mwa shamba, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea kijitoni sauti ndefu iliyopanda mwishoni. Sauti ikajibu kutoka ng'ambo. Akaita tena upande wa jirani. Kabla maji ya uji hayajachemka mama wa mapacha alikuwa amefika akijifunga leso kiunoni, na nyuma yake bibi harusi, kichwa chini, akiwa ameshika jembe kama mtu aliyeshika mshumaa.

Jambo la kwanza nyanya alilofanya ni kunikabidhi kipande cha panga kuukuu. "Kwangua hicho cheupe."

"Hapana, nyanya."

"Nini?"

"Hicho ni cha mama."

Mama mapacha aliinama akajifanya anatafuta kitu kwenye udongo. Nyanya hakukasirika. Alipitisha kidole kwenye magamba, akanionyesha ncha yake ilivyokuwa nyeupe, akaisugua kwenye kidole gumba.

"Shika. Unateleza, sivyo? Huu ni unga wa jiwe la kuteleza. Juu yake udongo haushiki, hata aupake malaika. Sasa nikuambie. Mama yako alikuwa akiukwangua huu kila Desemba. Kila Desemba! Anakwangua wote, anakandika upya, ndipo anapaka mweupe mwingine. Ulikuwa wapi?"

Nikafikiri. Desemba baba alikuwa akinituma kwa babu mzaa mama kuchunga. Kila mwaka nilirudi nikakuta ukuta uko vilevile, mweupe, na mstari wa kidole ukienda pembeni. Nilidhani ni ule ule.

"Hata alipoletwa hapa," nyanya aliendelea, "kazi yake ya kwanza ilikuwa kukwangua mapambo ya mama mkwe wake. Mimi ndiye niliyemshikia karai. Alicheka siku nzima, yule."

Nilichukua panga, nikabaki nimelishika. Dada yangu ndiye aliyeanza. Alichukua kigae cha chungu akakwangua gamba la kwanza, kisha akaniita: "Kaka, njoo uone." Chini ya ule mweupe kulikuwa na mwekundu, na chini ya mwekundu mweupe mwingine, kisha kijivu cha majivu, kisha mweupe tena, tabaka jembamba juu ya tabaka, kama shina la mgomba ukilikata. Tukaanza kuhesabu miaka. Mdogo wangu alidai amepata mwaka aliozaliwa yeye, na hakuna aliyeweza kumbishia. Tulikwangua tukibishana, na unga wote mweupe nyanya aliukusanya kwenye ungo akauweka kando bila kusema kwa nini.

Kuanzia hapo sijui nieleze vipi jinsi siku ile ilivyokuwa nzuri.

Udongo wangu ulihukumiwa. Mama mapacha aliuonja kwa vidole akasema udongo mwekundu peke yake una kiburi, ukikauka unapasuka ili kila mtu auone. Akaagiza majivu, nyasi zilizokatwakatwa fupi, na mchanga kutoka kijitoni. Tuliingia shimoni kukanyaga, watoto na wakubwa, tope likatufika magotini. Kitinda mimba alianguka kifudifudi mara tatu, na mara ya tatu nadhani alikusudia. Bibi harusi alikanyaga pembeni bila kuinua macho. Nyanya akamwambia, "Mke wa mjukuu wangu, tope halina mama mkwe. Imba!" Na yule msichana ambaye kwa miezi miwili hatukuwa tumesikia sauti yake alifungua kinywa, akaimba kwa sauti iliyofanya ndege waondoke kwenye migomba.

"Kumbe tulileta redio!" mama mapacha alipiga kelele. "Na tumeikalia miezi miwili bila betri!"

Bibi harusi alicheka mpaka leso ikaanguka topeni, na hakuiokota.

Mimi nilifundishwa kama mtoto wa kike. Nilifundishwa kulowesha ukuta wa zamani kwanza ili ukubali mpya. Kushindilia udongo kati ya fito kwa ngumi, na kuziba mianya kwa vijiwe. Kuacha tabaka la kwanza likiwa na alama za vidole ili la pili lipate pa kushika. Nilipokosea nilipigwa kofi la tope mkononi. Mpita njia mmoja mwanamume alichungulia kutoka kwenye njia ya chini akaniona nimepiga magoti kati ya wanawake, nimechafuka hadi masikioni.

"Ee bwana! Umeolewa?" aliniuliza.

Kabla sijaona haya nyanya alijibu kwa niaba yangu. "Ameolewa na mimi. Na wewe ukitaka kuwa mke wa pili, ingia, udongo upo."

Yule mtu alikwenda zake haraka.

Chakula cha risaga hutolewa na mwenye nyumba, nasi hatukuwa na kingi. Dada alipika ndizi, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, aliyoilaza kwenye maziwa tangu jana yake kwa bahati tu. Kulikuwa na uji wa wimbi uliochacha vizuri. Nilikuwa nimeogopa watacheka sufuria yetu ndogo. Waliikwangua mpaka ikalia, na mama mapacha akasema msichana huyu hawezi kupelekwa Nyamache, nani atatupikia huku? Alisema kama mzaha, lakini sote tulitazama ukuta.

Mchana mawingu yalisimama upande wa mvua yakatutazama, yakaghairi. Saa kumi tulikuwa tumemaliza tabaka la kwanza, ila mwanya mmoja wa juu tuliouacha mwisho. Saa kumi na moja tulikuwa nusu ya la pili. Nyanya alianza kutazama jua kila baada ya kiganja kimoja.

"Linawafukuza," mama mapacha alimtania. "Nyinyi watu wa Sabato jua linawafukuza kama kuku wanaorudi bandani."

"Na nyinyi kengele inawaita kama ng'ombe," nyanya alijibu bila kugeuka, akiongeza kasi.

Jua lilipogusa kilima kulikuwa kumebaki mwanya huo tu, mkubwa kama sinia, juu kidogo ya rafu ya jikoni. Ndio huo huo uliopitisha mkono wa baba mdogo. Nyanya alisimama pale pale, kiganja chake kikiwa kimejaa udongo. Akautazama mwanya, akalitazama jua, akaurudisha udongo shimoni na kwenda kunawa. Bibi harusi alimfuata. Naye alikuwa wa Sabato. Sikumlaumu hata kidogo. Mama angefanya vilevile.

Lakini nyanya hakuondoka. Alikalia debe lake lililogeuzwa, akafunga mikono ndani ya leso.

"Nyanya, si uende nyumbani?"

"Mikono imekwenda. Mdomo bado uko hapa." Akajikohoza. "Weka kijiwe kwanza, wewe. Si hicho, kile bapa. Unashindilia au unabembeleza? Mama mapacha, mpige kofi, mimi siruhusiwi."

Tukamaliza hivyo, mama mapacha na mimi na wadogo zangu, gizagiza likiingia, na sauti ya nyanya ikituongoza kama mtu anayeendesha ng'ombe wawili. Kiganja cha mwisho kiliwekwa na kitinda mimba, aliyeinuliwa mabegani. Alikipiga kwa nguvu zake zote akaacha alama ya mkono mdogo wenye vidole vitano, na nyanya akakataza isisawazishwe.

Jumamosi hatukuugusa. Ng'ombe nilimfunga mbali, kwenye mti wa upande wa pili wa boma.

Jumapili baba mdogo alifika mapema, akiwa na koti lile lile. Alizunguka nyuma bila kusalimia. Sisi tulisimama kwa mstari, na kitinda mimba alinishika suruali kwa mikono yote miwili. Alitafuta ile sehemu, aliikumbuka vizuri. Alikunja mkono wa koti mara mbili. Akasukuma.

Udongo ulikuwa bado na unyevu, na mkono ulizama. Nilisikia dada akivuta pumzi. Ulizama kiasi cha ukucha, kisha ukakutana na kijiwe bapa, ukasimama. Akasukuma kwa bega. Ukuta haukumjali. Alipotoa mkono, kiganja chake chote kilikuwa kimejichora pale, kikubwa, kando ya kile kidogo.

Alikigeuza kiganja chake chekundu mbele ya macho.

"Haupiti," alisema. "Lakini umenipaka. Nani amekandika?"

"Mimi," nikasema.

"Na mimi!" kitinda mimba akasema. "Huo mkono ni wangu. Huo mkubwa ni wako."

Baba mdogo alicheka kicheko cha baba. Sikuwa nimekisikia tangu baba afariki, wala sikujua kwamba walikuwa nacho wote wawili. Aliingia kwa mlango, akala. Habari za kugawa watoto hakuzitaja, siku ile wala baadaye, na wiki iliyofuata alituma debe la wimbi.

Ukuta ulipokauka nyanya aliniletea ule ungo wa unga mweupe, vumbi la Desemba zote za mama, akaniambia niukoroge. Niliupaka kwa kiganja, nusu duara juu ya nusu duara. Kidole changu cha mwisho hakikupinda, kwa hiyo mstari ule haukutokea. Ilinisikitisha kwa siku chache tu. Desemba iliyofuata nilikwangua wote.

Madeni yangu nilianza kuyalipa mwaka ule ule. Kwa mama mapacha nilikandika zizi na ghala. Kwa bibi harusi nilikandika jiko, na watu walikuja kutoka vilima vingine kumtazama mwanamume akikandika. Mume wake aliona haya mpaka akajiunga. Nilibaki na deni la nyanya. Lakini kabla sijaitwa, mwanawe anayefanya kazi ya ofisi mjini alimjengea nyumba ya mawe, ikapigwa lipu ya saruji nje na ndani. Nilikwenda nikiwa nimekunja suruali.

"Nimekuja kulipa, nyanya."

"Utalipa wapi? Hapa udongo hakuna."

"Nikulimie basi."

"Ulikopa udongo. Utalipa udongo."

Tangu hapo kila tukikutana njiani ananidai mbele za watu. Dada yangu alipoolewa, nyanya alisimama kwenye sherehe akatangaza kwamba kaka wa bibi harusi ni mdeni wake, wageni wajihadhari. Mdogo wangu alijifunza useremala. Kitinda mimba sasa yuko sekondari, Sironga, anakaa kwa baba mdogo. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe akiwa na sanduku, na shule zikifungwa hurudi, huenda nyuma ya nyumba na kulinganisha mkono wake na ule mdogo, ambao kila Desemba nakwangua nikiuzunguka.

Leo, Ijumaa, baada ya mvua, nilisikia ile sauti ndefu inayopanda mwishoni ikiniita kutoka boma la juu.

"Mume wangu! Njoo! Deni lako limeanguka huku jikoni!"

Nilipanda mbio. Kipande cha lipu, kikubwa kama sinia, kilikuwa kimebanduka chini ya dirisha, na nyufa zilitoka pale kwenda pande zote. Nyanya alikuwa amekaa mbele yake amefurahi kama mtu aliyepata mgeni.

Niligonga ukuta kwa kidole. Ulitoa sauti ya uwazi kila mahali.

"Nyanya, hii ni saruji. Udongo huu siujui."

"Hata ule wa kwanza hukuujua."

Alitazama jua lilikofika, akasema leo tumechelewa, nije Jumapili asubuhi. Nilirudi nyumbani na kipande cha ile lipu mfukoni ili nikamwonyeshe fundi wa Nyakoe, anieleze lipu inavyochanganywa. Sasa kiko hapa mezani ninapoandika. Nimekisugua kwa kidole gumba kuona kama kinateleza.